Deni la Jalada

Kila kitu kiuzwacho sokoni kina uso wake. Muuza nyanya hupanga fungu lake kwa akili: zilizo kubwa na nyekundu hukaa juu, na zile ndogo, au zilizominywa safarini, hukaa chini ambako jicho la mnunuzi halifiki upesi. Hatumwiti mwizi kwa kufanya hivyo. Twaijua desturi yake, naye ajua kuwa twaijua. Kwa hiyo mkono wa mnunuzi huteremka chini ya fungu, hupapasa, hugeuza, na bei hupatana baada ya ukweli kuonekana. Jarida nalo huuzwa kwa uso, na uso wake ni jalada. Lakini jarida halipapaswi. Mchuuzi wa magazeti katika njia za Nairobi hamruhusu mpita njia kusimama akasoma kurasa kumi bila kulipa, na majarida mengine hufika kibandani yamekwisha kufungwa katika nailoni. Mnunuzi hutoa fedha yake kwa kuamini kile alichokiona juu. Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo nataka tulitazame pamoja, msomaji: je, jalada lina deni la ukweli kwa mtu alitazamaye, au lina ruhusa ya kusema lolote maadamu lauza?

Wahenga walilijua jambo hili kabla ya kuwako mitambo ya kuchapa. Walisema kuwa kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza; tena wakaonya juu ya uzuri wa mkakasi, ambao ndani ni kipande cha mti. Methali hizi mbili zavutana. Ya kwanza yatuambia tuuamini uso, na ya pili yatuambia tuushuku. Jalada hukaa kati yake, likijiuza na kujitembeza kwa wakati mmoja.

Yafaa kwanza kujua jinsi jalada litengenezwavyo, maana si pambo la bahati. Jina la jarida huandikwa juu kabisa kwa sababu katika rafu majarida hupangwa yakifunikana kama vigae vya paa, na sehemu ya juu ndiyo ionekanayo. Mahali ambapo hufunikana kwa ubavu, ukingo wa kushoto ndio ubakio wazi, na kwa hiyo maneno ya kuvuta watu aghalabu huwekwa huko. Uso wa binadamu hupendelewa kuliko mlima au nyumba, na uso utazamao mbele kuliko uso ulioinama, kwa kuwa mtu akitazamwa hugeuka kutazama. Rangi nazo zina kazi yake. Jarida la Time la Marekani, lililoanza mwaka 1923, lilijitia mpaka mwekundu mwaka 1927, na National Geographic lina mpaka wa manjano. Aliye mbali huyatambua kabla hajasoma neno moja.

Wala si kila jarida hufuata njia hiyo. The New Yorker, lililozaliwa mwaka 1925, huweka jaladani mchoro peke yake, bila kichwa cha habari hata kimoja. Laweza kunyamaza kwa sababu wasomaji wake wengi hulipa mapema na kuletewa jarida nyumbani. Halina haja ya kumshika mtu mkono barabarani. Jarida litegemealo kibanda halina raha hiyo. Lina nafasi ya kutazamwa mara moja tu, na mara moja hiyo ni fupi kama hatua mbili za mtu aendaye kazini.

Tena jarida huuzwa mara mbili, na hili wasomaji wengi hawalifikirii. Mara ya kwanza msomaji hununua kurasa. Mara ya pili mwenye sabuni, mwenye benki na mwenye motokaa hununua macho ya wasomaji, kwa kulipia matangazo yao, na fedha ya mara ya pili yaweza kuipita ya kwanza mbali. Jalada basi ni ngoma ya kukusanya umati, na umati ukisha kukusanyika huhesabiwa na kutiwa bei. Mhariri akisema, "Wasomaji wangu hupenda hivi," yafaa kumuuliza kama asema juu ya watu anaowatumikia au juu ya bidhaa anayoiuza.

Katika bara letu hakuna mfano unaotufaa zaidi kuliko ule wa Drum. Jarida hili lilianza Afrika ya Kusini mwaka 1951, mjini Cape Town, kwa jina la The African Drum. Walioliongoza walidhani wamjua Mwafrika: walimpa ngano za kale, habari za makabila na machifu, na mambo ya shamba. Lakini wasomaji waliotazamiwa walikuwa watu wa mjini, waliopanda treni alfajiri kwenda kazini na jioni wakasikiliza jazi, wakabishana juu ya ndondi na mpira. Walipoulizwa, walisema wazi kwamba hawautaki ukabila uliochorwa na wengine kwa ajili yao. Mwenye mali, Jim Bailey, na mhariri kijana Anthony Sampson walisikia. Jarida likahamia Johannesburg, jina likafupishwa, na jalada likageuka: badala ya ngao na nyumba za msonge wakaja wasichana wenye tabasamu, mabondia, wapiga tarumbeta, na waimbaji kama Dolly Rathebe. Halikupita muda jarida lilisomwa mbali na lilikozaliwa, na Afrika Mashariki ikawa na toleo lake, lililofika mikononi mwa watu wa Kenya.

Wako waliosema kwamba Drum limejishusha. Kwamba limeacha heshima na kufuata miguu ya wasichana. Lakini fungua ndani. Mwezi Machi 1952 Drum lilichapa habari za mashamba ya Bethal, ambako vibarua Waafrika walitendewa ukatili. Mwandishi Henry Nxumalo alikuwa amekwenda huko mwenyewe akijifanya mtafuta kazi. Mwaka 1954 alijitia makusudi mikononi mwa polisi kwa kosa la pasi, akafungwa gerezani Johannesburg, akatoka na kuandika jinsi wafungwa walivyopigwa na kudhalilishwa. Mwishoni mwa mwaka 1956 aliuawa akiwa katika kufuatilia habari nyingine. Kazi yake ilisomwa na maelfu, na katika maelfu hao walikuwamo wengi ambao hawakutoa senti zao kwa ajili ya haki. Walizitoa kwa ajili ya tabasamu la jaladani.

Je, tabasamu lile lilikuwa uongo? Mimi nasema halikuwa. Msichana wa jaladani alikuwamo ndani. Mwimbaji wa jaladani alikuwamo ndani. Aliyenunua kwa ajili yao aliwakuta, na zaidi ya hao akaikuta Bethal. Mtu apewaye zaidi ya alichonunua hakudanganywa. Kuna tofauti kubwa baina ya kualika na kuhadaa, na tofauti hiyo haiko katika uzuri wa mwaliko. Iko katika karamu. Mwenyeji apambaye mlango wake kwa makuti na maua ana haki ya kufanya hivyo ikiwa ndani mna chakula. Lakini sitaki kulisafisha Drum kupita kiasi. Kurasa zake zilibeba matangazo mengi ya dawa za kung'arisha ngozi. Jalada lilimsifu mwanamke Mweusi mbele ya dunia nzima, na kurasa chache baadaye tangazo lilimnong'oneza kwamba angependeza zaidi kama angepunguza weusi wake. Nani aliyesema kweli juu ya wasomaji, jalada au tangazo? Tangazo ndilo lililolipia karatasi.

Upo mfano ulio kinyume cha huu. Tarehe 31 Agosti 1946 The New Yorker lilitoa toleo ambalo habari zake zote zilikuwa moja: masimulizi ya John Hersey juu ya watu sita waliookoka bomu la Hiroshima la mwaka uliotangulia. Jalada lilikuwa mchoro wa watu wakipumzika bustanini wakati wa kiangazi, wakicheza na kuota jua. Mtu aliyelichukua kusoma juu ya kiangazi alifungua akakuta ngozi za watu zilizoungua. Hapana aliyekusudia kudanganya. Ilikuwa desturi ya jarida kuchora majira na mapumziko. Hata hivyo wenyewe waliona haya au hofu, kwa maana nakala za kuuzwa vibandani zilivikwa ukanda wa karatasi nyeupe wenye kumwarifu mnunuzi kilichomo. Ukanda ule wanipendeza sana. Wenye jarida lililozoea kunyamaza walikiri, kwa kipande cha karatasi, kwamba hata ukimya wa jalada ni ahadi.

Sasa tuje kwenye jalada libadilishalo lilichokiona. Mwezi Februari 1982 National Geographic liliweka jaladani piramidi za Giza. Picha ilipigwa kwa upana, na jalada ni refu la kusimama. Basi kwa msaada wa mashine piramidi moja ilisogezwa karibu na mwenziwe ili zote zipate nafasi. Walioitetea kazi hiyo walisema ni sawa na mpiga picha kusogea hatua kadhaa pembeni. Hoja hii si ya mjinga, na msomaji asiikatae upesi. Piramidi hazikuvunjwa, wala mtu hakudhulumiwa. Lakini mpiga picha hakusogea. Tena mpaka ule wa manjano ulikuwa umewaambia watu kwa miaka mingi: kilichomo humu kilionekana na jicho la mtu aliyesimama mahali hapo. Ahadi ile ndiyo iliyosogezwa pamoja na mawe.

Mwaka 1989 jarida la TV Guide lilikwenda mbali zaidi. Lilichukua kichwa cha Oprah Winfrey likakiweka juu ya kiwiliwili cha mwigizaji Ann-Margret, bila ruhusa ya huyu wala ya yule. Mshonaji alilitambua gauni lake, na hila ikafichuka. Twaweza kucheka, na hakika jambo lenyewe lina kichekesho. Lakini mwanamke aliyekuwa mashuhuri kwa akili na maneno yake aliambiwa, bila kuulizwa, kwamba mwili wake haufai kusimama jaladani chini ya kichwa chake.

Lililo zito kuliko yote lilitokea mwaka 1994. Mwezi Juni, huko Los Angeles, O. J. Simpson, mwanamichezo mashuhuri Mweusi, alishtakiwa kwa mauaji ya mwanamke aliyekuwa mkewe, na ya mwanamume mmoja rafiki wa mwanamke huyo. Polisi walimpiga picha kama wampigavyo kila mshtakiwa. Majarida mawili makubwa, Time na Newsweek, yaliichukua picha ile ile, yakaiweka jaladani kwa tarehe ile ile, 27 Juni, na vibandani yakapangwa ubavu kwa ubavu. Newsweek liliiacha picha kama ilivyo. Katika Time msanii alikuwa ameitia giza: ngozi imezidi weusi, na macho yamezama kivulini. Mtu mmoja, picha moja, sura mbili.

Mhariri wa Time, James Gaines, alieleza kwamba hapakuwa na kusudi la ubaguzi, na kwamba msanii alitaka kuifanya picha ya polisi iwe picha ya msiba. Naweza kumsadiki katika nia yake. Lakini nia ya mtu hukaa moyoni mwake, na jalada hukaa barabarani. Weusi si huzuni wala si hatia. Ni rangi ya ngozi za watu. Aliyetaka kuonyesha msiba akauzidisha weusi, alichovya brashi yake katika chungu kilichokuwa kimejazwa na wengine, kwa maana katika nchi ile rangi hiyo ilikuwa imefanywa ushahidi dhidi ya mwenye nayo tangu zama za utumwa. Mshtakiwa hajasimama mbele ya waamuzi, na jalada limekwisha kumsomea hukumu. Mwezi Oktoba 1995 Simpson hakupatikana na hatia ya mauaji. Mwaka 1997, katika kesi ya madai, baraza jingine la waamuzi lilimwona kuwa mwenye kuwajibika kwa vifo vile. Hukumu hizo mbili hazipunguzi wala haziongezi kosa la jalada. Lingekuwa kosa juu ya mtu mwema, na ni kosa juu ya mtu mwovu. Na tujiulize: lau Newsweek halingalikuwapo ubavuni siku ile, ni wangapi wangalijua?

Mpaka hapa kazi yetu ilikuwa nyepesi, kwa kuwa uongo wa jalada moja huweza kushikwa: huleta mtu picha ya asili, huleta mwingine kioo, na mwongo huumbuka. Ninaloliogopa zaidi ni uongo usiokaa katika jalada lolote. Chukua majalada kumi na mawili ya mwaka mmoja, uyatandaze sakafuni. Huenda kila moja lasema kweli. Kila uso ni uso wa mtu aliye hai, haukusogezwa wala haukutiwa giza. Lakini ikiwa nyuso zote kumi na mbili ni za umri mmoja, rangi moja, mali moja na wembamba mmoja, basi pamoja yamesema neno ambalo hakuna jalada hata moja lililolitamka, yaani kwamba hao wengine hawapo, au wapo bila kustahili kutazamwa.

Katika jarida la People, lililoanza mwaka 1974, mhariri wa kwanza Richard Stolley aliweka kanuni za jalada zilizopata kuwa mashuhuri katika kazi hii. Kijana, kwa kanuni hizo, hushinda mzee. Mzuri wa sura humshinda asiye mzuri. Tajiri humshinda maskini. Na siasa hushindwa na kila kitu. Baadaye ilionekana kuwa mtu mashuhuri aliyekufa huwashinda wote. Stolley hakusema kwamba binadamu ndivyo walivyo kwa thamani. Alisema tu ndivyo wanunuzi wanunuavyo, na alikuwa mkweli. Lakini kanuni ya mauzo ikitumiwa kila juma, miaka kwa miaka, mtoto akuaye akiitazama ataijuaje kuwa ni ya mauzo tu?

Vogue la Marekani lilianza mwaka 1892. Mwanamke Mweusi wa kwanza kuonekana peke yake jaladani mwake, Beverly Johnson, alionekana mwezi Agosti 1974. Ni miaka 82. Vogue la Uingereza lilimtangulia: mwezi Machi 1966 lilimweka Donyale Luna, ila picha iliyochaguliwa ilikuwa ile ambayo vidole vyake vimezunguka jicho moja na kufunika sehemu kubwa ya uso. Na kwa upande wa wapiga picha, ilingojewa mpaka Septemba 2018, ndipo kijana wa miaka 23, Tyler Mitchell, alipompiga Beyoncé picha akawa Mweusi wa kwanza kupiga picha ya jalada la Vogue la Marekani. Katika miaka hiyo yote hakuna toleo moja ambalo mtu angeliweza kulipeleka barazani akasema, "Hili hapa limedanganya." Deni lilikuwa la mfululizo, na mfululizo hauna mhariri mmoja, kila mmoja alilirithi rafu akaongeza lake.

Nani alipe? Wahariri husema kwamba wao ni watumishi wa wanunuzi, na ya kwamba walipojaribu uso mwingine jarida lilibaki kibandani. Wasomaji husema kwamba wao hununua kilichopo. Kila mmoja amnyoshea mwenziwe kidole, na kila mmoja ana nusu ya haki. Nionavyo mimi, mhariri ana sehemu kubwa zaidi, maana yeye huchagua kwanza, na huchagua akijua. Mnunuzi huchagua katika vilivyochaguliwa. Lakini sehemu ya mnunuzi si ndogo hata ikawa si kitu. Watu wa Johannesburg wa mwaka 1951 hawakuwa na mtambo wa kuchapa wala hisa. Walichokuwa nacho ni kukataa kununua picha yao wasiyoitambua, na kuyasema hayo kwa kinywa walipoulizwa, na jarida likageuka.

Hapa Kenya nako wamekuwako waliojaribu uso mwingine. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst walianzisha Joe, jarida lililoitwa kwa jina la mtu wa kawaida wa mjini, mwenye mshahara mfupi na mwezi mrefu. Walimchora mwananchi na vituko vya mji wake, watu wakanunua, na lilidumu miaka ya sabini. Parents, lililoanzishwa na Eunice Mathu mwaka 1986, lilifungua jalada lake kwa mume na mke na watoto wa nchi hii. Haya hayakuwa majarida yasiyotaka fedha. Yalitaka kuuza kama wenzi wao. Yalidhani tu kwamba mtu aweza pia kununua jarida kwa sababu amejiona.

Siku hizi watu wengi huliona jalada kwanza katika simu, dogo kama stempu. Rafu haipo, lakini jina bado huandikwa juu, na uso bado hutazama mbele, umekuzwa zaidi ili uonekane katika udogo ule. Zamani mhariri alingoja mwezi mzima mchuuzi arudishe nakala zisizouzwa ndipo ajue ni uso gani uliovuta na upi ulioshindwa. Sasa hujua kabla ya chakula cha mchana, kwa kuwa kila mguso wa kidole huhesabiwa, hata wa yule aliyegusa kwa hasira.